Raia, Mwenyeji au Mwananchi? Safari ya Uandishi ya Peter Nazareth

Katika kuitaja fasihi ya Uganda, walimu wengi huanza na Okot p'Bitek, wakaendelea na Robert Serumaga, John Ruganda na Austin Bukenya, na hapo hesabu hukoma. Jina la Peter Nazareth likitajwa, aghalabu hufuatana na maelezo: kwamba ni Mgoa, kwamba alihamia Marekani, kwamba aliandika kwa Kiingereza. Maelezo hayo yote ni kweli. Hata hivyo Serumaga na Ruganda nao waliandika kwa Kiingereza, na wote wawili waliwahi kuishi uhamishoni, wala hatusikii mtu akiuliza kama ni wetu. Ni dhahiri basi kwamba swali hilo halitokani na lugha wala na safari. Linatokana na nasaba.

Makala hii inakusudia kuitazama kazi ya Nazareth kwa jicho la mhakiki, kisha kuuliza ina faida gani kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Dai letu ni hili: thamani yake kubwa ni kwamba, alipoandika habari za jamii ndogo ya watu waliotoka mbali, hakuiombea huruma. Aliihukumu, na hukumu hiyo akaianza kwa msimulizi wake mwenyewe. Mgeni hulalamikia nyumba aliyofikia. Mwenye nyumba ndiye hukiri uchafu wa nyumba. Kwa kukiri hivyo Nazareth alidai nafasi ya mwenye nyumba, na dai hilo halijajibiwa hadi leo.

Jamii ya makarani

Haifai kumsoma Nazareth bila kuwafahamu Wagoa wa Afrika Mashariki. Goa ilitawaliwa na Wareno tangu mwaka 1510 hadi Desemba 1961, India ilipoitwaa kwa nguvu. Kutokana na utawala huo mrefu, Wagoa wengi walikuwa Wakatoliki, wenye majina ya Kireno kama D'Souza, Pinto na Fernandes, na baadhi yao walikuwa wamepata elimu ya kuwawezesha kufanya kazi ya ofisini. Waingereza walipoanzisha serikali zao Nairobi, Zanzibar na Entebbe walihitaji makarani, wahasibu na watunza mafaili. Wakawaajiri Wagoa kwa wingi. Wengine walikuja wakiwa mafundi wa kushona, wapishi na wanamuziki.

Hivyo Mgoa aliwekwa mahali pa katikati. Juu yake alikuwepo Mzungu aliyetia saini. Chini yake alikuwepo Mwafrika aliyeleta ombi. Yeye alishika kalamu na muhuri. Wahindi wengine, wafanyabiashara kwa sehemu kubwa, walimwona kuwa ameiga Uzungu. Mwafrika alimhesabu kuwa Mhindi tu. Naye alikuwa na klabu yake, kanisa lake na karamu zake za dansi. Jamii iliyokaa hivyo hupata usalama mdogo kutoka kila upande, na siku upande mmoja ukianguka usalama huo hutoweka wote.

Peter Nazareth alizaliwa Kampala mwaka 1940 katika jamii hiyo. Alisoma Kololo, akaingia Makerere, akahitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Ngugi wa Thiong'o alikuwa Makerere wakati huo huo, na baadaye wote wawili walipata kusoma katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Kampala ya miaka ile ilikuwa mji wa fasihi. Gazeti la wanafunzi la Penpoint lilikuwa likitoka Makerere. Mwaka 1961 Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala mwenye asili ya Kibengali, alianzisha jarida la Transition. Na mwezi Juni 1962 waandishi wa bara zima walikutana Makerere kwa mkutano ambao hadi leo unatajwa katika kila historia ya fasihi ya Afrika. Nazareth alilelewa katika mazungumzo hayo. Lakini baada ya masomo hakuwa mwandishi wa kazi moja: aliingia Wizara ya Fedha akawa afisa wa serikali, na usiku akaandika. Yaani alishika kazi ya jadi ya jamii yake, huku akiandaa kitabu cha kuichunguza.

Riwaya ya kukiri

Kitabu hicho, In a Brown Mantle, kilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1972. Jina lake lina maana ya kuwa ndani ya vazi la rangi ya kahawia, na msomaji haoni taabu kujua kwamba vazi hilo ni ngozi. Hadithi inatokea katika nchi ya kubuni iitwayo Damibia. Msimulizi ni D'Souza, Mgoa aliyeacha mwenendo wa jamii yake wa kujitenga na siasa, akajiunga na harakati za kudai uhuru. Anapoanza kusimulia yuko London, uhamishoni, naye anatazama nyuma.

Kama Nazareth angetaka kuandika kitabu cha malalamiko, njia ilikuwa wazi. Angemfanya D'Souza mtu safi, aliyeitumikia nchi kwa moyo mmoja, kisha akafukuzwa kwa sababu ya rangi. Wasomaji wengi wa Ulaya wangemlilia. Mwandishi hakufanya hivyo. D'Souza wake anaingia katika siasa akiwa na nia njema, anaona uhuru ukigeuzwa kuwa chakula cha wachache, na badala ya kupinga anakaa mezani kula pamoja nao. Anakubali fedha chafu. Mwishowe anakimbia nazo. Kwa hiyo kila neno analotuambia kuhusu kuoza kwa Damibia linatoka kinywani mwa mmoja wa waliooza.

Fani hii ya msimulizi mwenye hatia ndiyo nguvu ya riwaya. Msomaji hawezi kumwamini D'Souza kabisa, wala hawezi kumkataa. Anaposema kwamba hakukubaliwa kamwe kuwa Mwafrika, tunajua kwamba ni kweli. Lakini tunajua pia kwamba ukweli huo amefanya kuwa kisingizio cha wizi wake. Je, aliiba kwa sababu walimwita mgeni, au jina la mgeni lilimfaa alipokwisha kuiba? Kitabu hakijibu swali hilo, na ni vyema kwamba hakikujibu. Kadiri D'Souza anavyozidi kujitetea ndivyo msomaji anavyozidi kuona alipoanguka.

Kando ya D'Souza mwandishi ameweka mhusika mwingine wa jamii hiyo hiyo, Pius Cota. Huyu ni mpigania uhuru asiyenunulika, na anauawa baada ya nchi kujitawala. Msomaji wa Afrika Mashariki anamtambua mara moja: ni kivuli cha Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, akafungwa kizuizini na Waingereza katika miaka ya vita vya Mau Mau, na akapigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965, mwaka wa pili tu baada ya uhuru wa Kenya. Wahusika hawa wawili wamesukwa kwa makusudi. Cota anatuonyesha kwamba Mgoa aliweza kuwa mwananchi kamili, hata kufa. D'Souza anatuonyesha kwamba kufanya hivyo kulikuwa na gharama, na kwamba wengi, kama yeye, hawakuwa tayari kulipa. Kuwapo kwa Cota kunamnyima D'Souza udhuru wake wote.

Yafaa tulinganishe jambo hili na riwaya ya Bahadur Tejani, Day After Tomorrow, iliyotoka mwaka mmoja kabla, 1971. Tejani naye aliandika juu ya Waasia wa Uganda, na suluhisho lake ni ndoa: kijana Samsher anaiacha dunia finyu ya biashara ya watu wake na kumwoa Nanziri, binti Mwafrika. Ni ndoto njema, nasi hatuidharau. Lakini inalichukulia tatizo kuwa la moyo, kwamba watu wakipendana kuta zitaanguka. Nazareth, mtu aliyefanya kazi katika Wizara ya Fedha, aliona mbali zaidi. Aliona kwamba kuta zilijengwa kwa mishahara, leseni na vyeo, na kwamba baada ya uhuru wako waliohitaji kuta hizo zibakie ili wananchi wapate mtu wa kumlaumu. Kwa sababu hiyo kitabu chake hakina harusi. Kina hesabu.

Mwaka wa 1972

Riwaya hiyo ilikuwa imekwisha andikwa pale Idi Amin alipotangaza, tarehe 4 Agosti 1972, kwamba Waasia watatoka Uganda. Walipewa siku 90. Watu wapatao 50,000 au zaidi waliondoka. Zaidi ya 27,000 kati yao walipokelewa Uingereza, na maelfu wengine Kanada na kwingineko. Wagoa wengi waliokuwa wamechukua uraia wa Uganda waliambiwa kwamba karatasi zao hazina nguvu, na baadhi yao wakabaki bila nchi yoyote ya kuwapokea hadi Umoja wa Mataifa ulipowasafirisha kwenda kambi za Ulaya.

Imekuwa desturi ya wahakiki kumsifu Nazareth kama nabii. Sifa hiyo ni nzuri lakini inapotosha. Nabii hupewa habari kutoka juu. Nazareth alizipata mezani kwake, katika mafaili. Mtu aliyejua jinsi chuki dhidi ya dukawala ilivyotumiwa na wanasiasa wasio na kitu cha kuwapa watu hakuhitaji ndoto ili kuona mwisho wake. Tunapowafundisha wanafunzi, ni bora tuwaonyeshe kwamba riwaya hiyo iliona mbele kwa sababu ilitazama chini, palipokuwa na mambo yenyewe.

Mwaka 1973 Nazareth aliondoka Uganda kwa nafasi ya masomo iliyotokana na riwaya yake, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kutoka huko alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa, mahali panapokutanisha waandishi wa mataifa mengi kila mwaka, na huko akawa mwalimu kwa miaka mingi. Huko ndiko ilikokamilika riwaya yake ya pili, The General Is Up, iliyotolewa Calcutta mwaka 1984 na tena Toronto mwaka 1991. Mchapishaji wa Toronto, TSAR, alianzishwa na M. G. Vassanji pamoja na mkewe, na Vassanji mwenyewe alikulia Dar es Salaam. Tazama mzunguko huo: kitabu juu ya Kampala, kilichoandikwa Iowa, kikachapishwa India, kikarudiwa Kanada kwa mkono wa mtoto wa Dar es Salaam.

Riwaya hiyo ya pili inarejea Damibia, sasa ikiwa chini ya Jenerali, na inasimulia kufukuzwa kwa Waasia kama kulivyowapata Wagoa. Kwa maoni yetu ina ucheshi zaidi kuliko ile ya kwanza na ina kina kidogo kuliko hiyo. Mandhari ya klabu, masengenyo, hofu ya karatasi na mihuri, vyote vimechorwa kwa mkono wa mtu aliyekuwepo. Lakini Jenerali ni mtu wa kuchekwa na kuogopwa tu, na kutoka kwake hatujifunzi mengi juu yetu wenyewe. D'Souza alitushitaki sote. Jenerali anatupa nafasi ya kusema kwamba yule mbaya alikuwa mwingine.

Njia nyingine: mfano wa Mwarmenia

Ili kuupima uamuzi wa Nazareth, inafaa tutoke nje ya bara letu kidogo. Waarmenia nao, kama Wagoa, wametawanyika duniani wakiwa jamii ndogo za Kikristo zilizoishi kati ya mataifa makubwa. Majirani zetu wa Ethiopia wanawajua: Kevork Nalbandian, Mwarmenia, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa enzi ya Haile Selassie. Huko Uingereza alipata kutokea mwandishi wa jamii hiyo aliyeitwa Dikran Kouyoumdjian. Alizaliwa Bulgaria mwaka 1895, akaletwa Uingereza akiwa mtoto, akajiita Michael Arlen. Mwaka 1924 alitoa riwaya The Green Hat, juu ya matajiri wa London na mapenzi yao, ikawa maarufu mno. Mwaka 1928 ikafanywa filamu iitwayo A Woman of Affairs, akiwemo Greta Garbo. Arlen akapata fedha nyingi, akajua pia kazi ya kuandikia filamu Hollywood.

Waarmenia walikuwa wameuawa kwa mamia ya maelfu tangu mwaka 1915. Hayo hayasikiki katika vitabu vilivyompa Arlen jina lake. Aliwaandikia waliompokea habari zao wenyewe, kwa mtindo waliotaka, na alivaa mavazi mazuri kuliko wao. Lakini mavazi hayo hayakumlinda. Katika Vita Vikuu vya Pili alipopewa kazi ya serikali Uingereza, lilizushwa Bungeni swali juu ya uaminifu wake, kwa kuwa alizaliwa Bulgaria, naye akajiuzulu. Alifia New York mwaka 1956. Ilibidi mwanawe, Michael J. Arlen, aende mwenyewe kuutafuta Uarmenia ambao baba yake hakuutaja, na kitabu alichoandika juu ya safari hiyo, Passage to Ararat, kilitoka mwaka 1975.

Hatumlaumu Arlen, kila mtu huishi awezavyo. Lakini mfano wake unatuonyesha kwamba mwandishi mhamiaji huwa na njia mbili zilizo rahisi. Moja ni kujificha ndani ya wenyeji. Nyingine ni kuwalilia wenyeji. Nazareth aliziacha zote mbili. Alibaki na jina lake na jamii yake, na kutoka humo akaitazama nchi nzima.

Sikio la redio

Kabla ya kutajwa kwa riwaya, Nazareth alijulikana kwa michezo ya kuigiza. Mchezo wake Brave New Cosmos umo katika mkusanyiko wa Origin East Africa uliohaririwa na David Cook mwaka 1965, na mwaka 1976 East African Literature Bureau ilitoa kitabu chake Two Radio Plays. Idhaa ya BBC ilirusha michezo yake ya redio. Arlen alikwenda kwenye filamu, sanaa ya macho. Nazareth alikwenda kwenye redio, sanaa ya masikio. Tofauti hii si ndogo. Katika filamu rangi ya mtu huonekana kabla hajafungua kinywa. Katika redio msikilizaji hana ngozi ya kutazama. Ana sauti tu, na maneno. Kwa mwandishi aliyeitwa mgeni kwa sababu ya rangi yake, redio ni uwanja wa haki kuliko jukwaa lolote.

Sikio hilo ndilo lililomwongoza hata alipofanya jambo lililoshangaza watu Marekani: tangu mwaka 1992 alifundisha Iowa somo juu ya mwimbaji Elvis Presley. Magazeti yalicheka. Lakini jina la somo lilikuwa na maana, Elvis as Anthology, yaani Elvis kama mkusanyiko. Nazareth alimsikia katika Elvis umati wa waimbaji, weusi na weupe, wa kanisani na wa mitaani, waliokaa ndani ya koo moja. Mtu aliyekulia Kampala kati ya Kiluganda, Kiingereza, Kiswahili, Kikonkani na Kigujarati hakuona ajabu kwamba mtu mmoja aweza kuwa na sauti nyingi. Alijua hivyo tangu utotoni.

Mapungufu

Uhakiki usiotaja kasoro ni salamu tu. Tunaona mapungufu mawili.

La kwanza ni kwamba In a Brown Mantle ni riwaya ya watu wa ofisini na wa majukwaani. Mkulima, mvuvi na mchuuzi wamo kama hoja inayojadiliwa na wengine. Si kosa kwamba mwandishi aliandika juu ya watu aliowajua. Lakini riwaya inayouliza nchi ni ya nani ilihitaji kutusikilizisha zaidi wale wanaoilima. Mtu akisimama leo gatini hapa Ggaba, ambapo wavuvi na wauza samaki wa makabila mengi hupatana bei, atasikia mjadala mwingine juu ya ugeni na uenyeji, usio na hotuba, nao pia ni wa kisiasa.

La pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Katika maisha ya Afrika Mashariki ya miaka ile, Mgoa na Mwafrika wa kawaida walipoongea, mara nyingi waliongea Kiswahili, cha jikoni, cha sokoni au cha kituo cha kazi. Kilikuwa Kiswahili cha amri mara nyingi, na cha urafiki mara nyingine. Riwaya ya Kiingereza haiwezi kuionyesha tofauti hiyo kikamilifu. Huyafasiri mazungumzo hayo kabla msomaji hajayasikia, na katika kufasiri huko hupotea jambo muhimu: nani alimwita nani bwana, nani alimwita nani wewe, na lini mmoja wao alianza kusema ndugu. Mwandishi mwenye sikio la redio kama Nazareth bila shaka aliyasikia hayo yote. Lugha aliyoichagua haikuwa na mahali pa kuyaweka.

Kazi iliyobaki kwa Kiswahili

Hapo ndipo walimu wa Kiswahili wanapoingia. In a Brown Mantle inastahili tafsiri ya Kiswahili, na sababu si kuongeza idadi ya vitabu tu. Kiswahili kinaweza kulifafanua swali la riwaya hiyo kuliko Kiingereza kilivyoweza.

Tuchukue maneno machache. Tuna raia, mtu wa serikali fulani kwa sheria. Asili yake ni Kiarabu, na zamani lilimaanisha mtawaliwa. Tuna mzaliwa, ambaye kitovu chake kimezikwa mahali. Tuna mwenyeji, aliyekaa mahali hata akawa mpokeaji wa wageni. Na tuna mwananchi, yaani mwana wa nchi, neno linalohesabu nchi kuwa mzazi. D'Souza ni mzaliwa bila shaka. Uraia wake unategemea karatasi. Uenyeji wake unategemea jirani. Lakini je, ni mwananchi? Mwishoni mwa riwaya anaagana na Afrika kama mwana anavyomwaga mama yake, huku akikiri kwamba yeye ni mwana wa nje ya ndoa. Katika Kiingereza maneno hayo ni sitiari ya uchungu. Katika Kiswahili ni zaidi ya sitiari: ni mtu anayelivunja neno mwananchi vipande viwili mbele yetu, mwana na nchi, na kutuuliza kama mtoto wa haramu si mtoto. Mfasiri mwenye ustadi atakapofika hapo ataona kwamba kitabu kilikuwa kikilitafuta neno letu tangu ukurasa wa kwanza.

Liko jambo jingine ambalo mwalimu wa Kiswahili wa Uganda hana budi kulikumbuka. Lugha tunayofundisha nayo imeitwa mgeni katika nchi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka kukiingiza Kiswahili katika elimu, Kabaka Daudi Chwa na watu wake walikipinga kwa kuhofia Kiluganda na heshima ya Buganda. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa muda mrefu baadaye watu wengi walikumbuka Kiswahili kama sauti ya askari kizuizini barabarani. Iliwadia mwaka 2005 ndipo Katiba iliporekebishwa kukifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Hivyo mwaka mmoja tu ulipita kati ya Amin kuwafukuza Waasia na Amin kuipandisha cheo lugha yetu. Hatukuomba cheo kwa njia hiyo, lakini tulikipewa, na doa lake tumelibeba. Tuna sababu basi ya kumsoma D'Souza kwa unyenyekevu. Naye alipata cheo kwa mikono iliyokuwa michafu, kisha akashangaa kwa nini hakupendwa. Lugha, kama mtu, haiwi ya wenyeji kwa tangazo. Huwa ya wenyeji kwa kufanya kazi ya wenyeji. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiswahili kikishika jembe la kuwaeleza Waganda, Waacholi, Wanyankole na Wagoa historia waliyoishi pamoja, hakuna atakayeuliza tena kilitoka wapi.

Kwa walimu wa shule za sekondari na wa vyuo, tunapendekeza jambo moja linalowezekana hata bila vitabu vingi. Chagueni kurasa mbili au tatu za In a Brown Mantle, zenye mazungumzo kati ya D'Souza na mwanasiasa, na muwape wanafunzi wazifasiri kwa Kiswahili kwa makundi. Kabla ya kuanza waamue jambo hili: wahusika hawa wataitana nani? Ndugu, bwana, mheshimiwa, au jina tupu? Kila kundi litatoa jibu lake, na kila jibu litakuwa limekwisha amua kama D'Souza ni mtu wa hapa au sivyo. Kisha someni tafsiri zenu kwa sauti, kama mchezo wa redio, wasikilizaji wakiwa wamefumba macho.